Mashine ya Wageni

Jamani, kisa hiki si cha watu wabaya. Kingekuwa cha watu wabaya tungewalaani kisha tukaenda kulala. Ni cha bwana mmoja mpole, msafi, mchapakazi, asiyejua kumdhulumu mtu, na bado nyumba yake ilipata pigo ambalo mpaka leo halijapoa.

Bwana huyo alikuwa mkuu wa maabara ya chakula, ile iliyojengwa kwa ajili ya kanda nzima, na kila mtu alimwita Mkuu, kazini na mtaani, hata mkewe akiwa amenuna. Asubuhi tunayoanza nayo alikuwa ameketi barazani akipaka viatu dawa. Mkewe alikuwa anakaanga karanga za unga wa lishe. Unga huo wa mahindi, mtama na karanga aliuandaa mwenyewe, na nusu ya akina mama wa mtaa ule waliununua kuwapikia watoto wao uji. Mjukuu wao alikuwa anazunguka miguuni mwa bibi yake na kijiko mkononi. Mtoto huyo alilala na kijiko, akaamka na kijiko, na akiona sufuria tu huketi chini akangoja. Ndiyo maana wakamwita Kijiko. Mama yake alifanya kazi mji wa mbali, na alikuwa amemwacha kwa wazazi wake kwa moyo mweupe.

"Babu, uji," Kijiko alisema.

"Uji uko kwa bibi. Babu ana dawa ya viatu tu."

"Basi nipe dawa ya viatu."

Bibi alicheka mpaka karanga zikaanza kuungua.

Ungeingia sebuleni mwao ungeona kabati la vioo, na ndani yake vikombe vyeupe vyenye ukingo wa dhahabu, zawadi ya harusi yao. Havikuwahi kutiwa chai. Vilikuwa vya wageni. Wageni walikuja, wakanywea vikombe vya plastiki, wakaaga, kwa sababu hakutokea hata mmoja aliyefikia hadhi ya kuwa mgeni wa vikombe vile. Ufunguo alikaa nao Mkuu. Msimcheke, maana najua kabati kama hilo liko kwenu pia.

Sasa, mtu hatoki nyumbani akaiacha tabia yake mlangoni. Maabara ile ilikuwa imeletewa mashine ya kupima sumukuvu, yaani ile sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, hainuki, na hata ukichemsha chakula kutwa nzima haitoki. Mashine ndiyo iliyoletwa kuifichua. Mkuu aliipokea kwa mikono miwili. Akaitengea chumba chenye kiyoyozi, akaifunika kitambaa cheupe alichofumiwa na mkewe, akafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni. Wafanyakazi wakaibandika jina la Bi Harusi. Wageni wakubwa wakija, shela lilifunuliwa, taa za kijani zikawaka, picha zikapigwa, watu wakapiga makofi, kisha Bi Harusi akafunikwa tena. Hakuna mgeni aliyewahi kuuliza imepima nini.

Haikuwa imepima kitu. Sampuli za kanda zilifungwa kwenye vifurushi zikapelekwa maabara ya nchi nyingine, zikakaa foleni huko, na majibu yalirudi chakula chenyewe kimeshaliwa na vyombo vimeshaoshwa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Mkuu hakumwambia mtu. Mafunzo ya kuitumia mashine ile alikwenda yeye, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, na safari ni safari. Alikaa kiti cha nyuma, akaitikia kwa kichwa pale wenzake walipoitikia, akarudi na cheti akakitia fremu. Binti fundi sanifu, aliyeshika sampuli kutwa kucha, alibaki anafunga vifurushi. Kwa hiyo aliyefundishwa hakujua, na ambaye angejua hakufundishwa. Vumbi, umeme unaokatika, mashine ya thamani, hizo zote zilikuwa sababu za mdomoni za kutoitumia. Moyoni Mkuu alikuwa anaona haya.

Basi kuku wa mkewe wakaanza kufa. Majirani wakasema ni kideri. Mkewe hakuridhika.

"Mkuu, hawa waliokufa ndio waliokula makapi ya karanga za gunia jipya," alimwambia. "Wale wa banda la nyuma hawakula, na ni wazima."

"Kideri hicho, mama. Kila mwaka kinapita."

"Kideri kinachagua banda? Hebu nipelekee karanga hizi kazini kwako zikapimwe. Si mna mashine?"

 Mkuu akazichukua kwenye kimfuko, na alipofika kazini akakiweka mezani bila kusema ni cha nani. Fundi sanifu akakiona.

"Mkuu, hizi tuzipime wenyewe basi. Tuiwashe tujaribu, tukikwama tutawapigia simu walioitengeneza."

"Na tukiiharibu? Wageni wanakuja mwezi ujao. Ngoja kwanza wapite."

"Basi niziweke kwenye kifurushi cha leo."

"Aa, hizi ni za nyumbani kwangu, za mke wangu. Karanga za jikoni kwangu zisafirishwe mpaka nchi za watu, watu watasema nini? Ziache."

Binti akaziacha, kwa sababu mkubwa wako akisema ziache, unaziacha. Lakini alipokuwa anafagia makombo mezani alijitilia karanga chache kwenye bahasha, akaiweka kwenye kifurushi pamoja na sampuli nyingine. Mkuu yeye alizichukua zilizobaki akasimama dirishani, akazigeuza viganjani, akazinusa, akatafuna moja. Alijua vizuri kwamba macho na pua havina kazi hapo. Hilo ndilo linaloniuma kila nikikisimulia kisa hiki. Alijua.

Aliporudi nyumbani mkewe alimpokea mlangoni.

"Vipi, zimepimwa?"

"Ziko safi."

Mke wa mkuu wa maabara angemwamini nani tena? Akazikaanga, akazipeleka kusagwa, akafunga pakiti, na akina mama waliomuuliza kuhusu wale kuku aliwajibu kwa kujidai kidogo, "Msiwe na wasiwasi, mzee mwenyewe kazipima."

Haikupita muda mrefu Kijiko akakataa uji. Bibi yake alidhani ni deko la watoto, mpaka alipokikuta kile kijiko kimelala sakafuni na mtoto hakitaki. Alitapika alichokula na ambacho hakula. Tumbo likavimba, macho yakawa ya manjano. Wakambeba mbio mpaka hospitali, na walipoingia wodini bibi alisimama ghafla. Vitanda viwili vilikuwa na watoto wa mtaani kwao, nao macho yao yalikuwa ya manjano, na mama zao walikuwa wateja wake. Walimsalimia kwa heshima kama kawaida. Mpaka wakati huo hawakujua kwamba ni unga wake.

Daktari alimvuta Mkuu pembeni.

"Mzee, watoto hawa wote wamekula unga mmoja. Nimeshawaambia waache, lakini unga una vitu vitatu ndani yake. Nataka kujua sumu iko kwenye kipi, maana mahindi, mtama na karanga vinauzwa sokoni sasa hivi na watu wananunua. Nimempigia simu bwana afya. Anasema hawezi kufunga ghala la mtu kwa maneno matupu, anataka jibu la maabara. Sasa maabara si ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi," Mkuu alisema.

"Basi nipe jibu leo. Huyu mjukuu wako ini linamwisha, nafanya ninachoweza, sikufichi. Lakini walio nje bado tunaweza kuwawahi."

Mkuu alikwenda kazini roho mkononi. Ufunguo ulikataa kuingia, fundi sanifu akampokea akafungua yeye. Shela likatupwa kando. Taa za kijani zikawaka vilevile kama walivyozoea kuziona wageni. Kisha mashine ikaandika maneno kwenye kioo ikataka iambiwe jambo fulani, na Mkuu hakujua ni jambo gani. Akabonyeza hapa, ikalia. Akabonyeza pale, ikanyamaza. Binti akafungua jokofu akatoa chupa za dawa za kupimia. Zilikuwa na lakiri zake bado, hazijawahi kufunguliwa, na zote zilikuwa zimekwisha muda wake.

"Mkuu, kule kwenye mafunzo walifanyaje hapa?"

Alikitazama kile cheti ukutani. Alikuwa amekitundika mahali ambapo kila anayeingia lazima akione.

"Sijui," alisema. "Sikuelewa tangu siku ya kwanza, nikaona aibu kuuliza."

Binti aliwakumbuka walioitengeneza, lakini hata wakipigiwa simu, dawa zilikuwa zimeshakwisha muda wake.  Hata yeye hakujua, na kutojua kwake hakukuwa na dawa saa ile. Walisimama wawili mbele ya mashine inayowaka, na mashine haikuwa na kosa lolote.

Mkuu akarudi hospitali mikono mitupu. Daktari alimwangalia usoni akaelewa, akarudi kwa wagonjwa wake. Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anamsugua mtoto miguu, anamwimbia kwa sauti ya chini. Alipomwona mumewe hakuacha kusugua.

"Mkuu, ulizipima zile karanga?"

Akatikisa kichwa kwamba hapana.

"Nilikuuliza, ukasema ziko safi."

"Nilisema."

 Bibi aliendelea kumsugua mtoto miguu mpaka Kijiko akakata roho, na hata baada ya hapo aliendelea kidogo, mpaka muuguzi alipomshika mikono.

Mama wa mtoto alifika siku ya mazishi, vumbi la safari bado liko kwenye nguo zake. Watu walitegemea atalia, atapiga kelele, ataanguka. Alimwendea baba yake moja kwa moja akamuuliza kwa utaratibu kabisa, kama mtu anayetaka kuelewa jambo dogo tu.

"Baba, si wewe ndiye unayepima chakula?"

Ndugu zangu, kuna maswali yasiyo na mahali pa kujifichia. 

Waombolezaji walijaa mpaka barazani. Wale akina mama wawili nao walikuja, ingawa mmoja mtoto wake alikuwa bado hospitalini na hali haikueleweka. Vikombe vya plastiki vikaisha. Bibi akamfuata mumewe, akanyoosha kiganja.

"Ufunguo wa kabati."

"Mama, vile ni vya wageni."

"Unamngoja mgeni gani tena?"

Mkuu akatoa ufunguo. Bibi akavishusha vikombe vyote, akavisuuza, akavijaza chai. Watu wakanywa, na kimoja kilipomvunjikia mtu mkononi hakuna aliyegeuza shingo. Cha mwisho Bibi alimpelekea mumewe. Mkuu alikishika kwa mikono miwili mpaka chai ikapoa, hakuweza kuinywa.

Majibu kutoka ile nchi nyingine yalikuja baadaye, baada ya matanga kwisha. Ile bahasha ya fundi sanifu ilikuwa imefika salama, ikapanga foleni kama nyingine. Karanga. Sumu ilikuwa imepita kiwango kwa mbali sana. Bwana afya alikwenda kwenye ghala ambako Bibi alinunua lile gunia, karatasi mkononi, akakuta sakafu imefagiwa, magunia yameshauzwa yote, yametawanyika kanda nzima, na hakuna ajuaye yako kwenye sufuria za nani.

Bibi hasagi unga tena. Mkuu aliomba mwenyewe kupumzishwa kazi. Siku hizi hukaa barazani, na wageni wakifika hupewa chai kwenye vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, vile vichache vilivyobaki. Kabatini kumebaki kitu kimoja tu, kijiko cha mtoto, na kabati halifungwi.

FUNZO

Nasema na nyinyi wakubwa wa kazi kwanza. Chombo cha kuokoa maisha si pambo. Heri mashine iliyochakaa kwa kupima kuliko iliyong'aa kwa kufutwa. Mafunzo yakija, apelekwe yule atakayeshika kazi kwa mikono yake, na akirudi awafundishe wenzake, ili akiugua au akihama kazi isilale. Dawa za kupimia ziangaliwe kabla hazijaharibika. Na ukiwa hujui, sema hujui mapema, kungali na nafasi ya kufundishwa. Aibu ya kuuliza hupita siku hiyohiyo. Hii nyingine haipiti.

Na sisi wengine tusijitoe kwenye lawama. Maabara ya kanda ni yetu, chakula kinachopita pale ndicho tunachokula. Tumezoea kualikwa, tunakaa kwenye viti, tunaonyeshwa mashine mpya, tunapiga makofi. Siku nyingine mkialikwa, wekeni mikono magotini muulize kwanza imepima nini tangu ilipokuja, na nani anayeijua. Mkikosa jibu, msiondoke. Ombeni mpate kuuliza mapema kuliko yule mama, ambaye alimuuliza baba yake swali lake kaburi likiwa tayari limechimbwa.