Kantini na Hoteli

Jumamosi asubuhi sokoni hapapitiki. Wauza viungo wamejipanga ukuta wa nyuma, magunia wazi, na kila mmoja anamwita mteja mjomba au shangazi hata kama hawajawahi kuonana. Mpishi wa kantini ya kiwanda cha sabuni alikuwa ameshanunua vitunguu vyake na sasa anatafuta pilipili manga, pale alipomwona mwanamume mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, amesogezewa puani kiganja kizima cha iliki. Mwanamume akanusa kwa heshima zote, akasema nzuri sana, apimiwe nusu kilo.

Mpishi alisimama hatua mbili tu kutoka pale, na iliki ile haikumfikia hata kidogo. Si mtu wa kuingilia biashara za watu, lakini kumwona mtu mzima anauziwa maganda mchana kweupe kulimshinda.

"Kaka, hizo zimelala," alimwambia. "Hazina harufu hata ya kusingiziwa. Jaribu gunia la tatu."

Muuzaji akamkata jicho. Yule mwanamume aliona haya, tena haya nyingi kuliko iliki yenyewe, kisha akacheka, akahamia gunia la tatu. Alipoulizwa kama ametumwa na mkewe, akasema hana mke, ila ni mpishi. Mpishi wa wapi? Akaonyesha kwa kidevu hoteli ya ghorofa kumi na moja iliyoinuka nyuma ya paa za soko. Huko yeye ndiye msimamizi wa michuzi yote, na wenzake wanamwita Bwana Mchuzi.

Hapo mpishi wa kantini alicheka mpaka akatua kikapu chini.

"Ndiyo maana. Nyie mnaletewa vitu na gari hadi mlangoni. Ukipewa iliki ya mwaka juzi utajulia wapi?"

"Na wewe unapika wapi, mwalimu?"

"Kantini. Watu mia nne, saa sita kamili, na hakuna anayeletewa menyu."

Bwana Mchuzi akaomba namba ya simu, ati siku nyingine akija kununua iliki apate wa kumuuliza. Kisingizio kile kilimpendeza yule dada, akaitoa. Alimwandika kwenye simu yake Hoteli, naye akaandikwa Kantini, na tangu siku hiyo hawakuitana vingine wakiwa wawili. Kiwandani lakini jina la dada huyu lilikuwa Shangazi, ingawa umri wake ulikuwa miaka thelathini na mmoja tu, kwa sababu alikuwa anawagombeza watu wazima wanaobakiza chakula.

Simu zilianza kupigwa saa tisa mchana, saa ambayo majiko yote ya mjini hupumua. Walibishana wapi ndipo panapopikwa kweli. Bwana Mchuzi alisimulia jinsi sahani moja ya hoteli inavyopita mikono mitano kabla ya kutoka, na wa mwisho kazi yake ni kuifuta ukingo kwa kitambaa. Shangazi akamwambia yeye akianza kufuta kingo, wafanyakazi watakula chakula cha mchana saa ya kurudi nyumbani.

"Kwenu mtu analipia kitambaa," alisema.

"Na kwenu?"

"Kwetu analipia kushiba, Hoteli wangu. Njoo uone."

Akaja. Alikuja Jumanne, siku yake ya mapumziko, na kila Jumanne iliyofuata, saa nane, watu wakisharudi kwenye mashine. Alikaa meza ya dirishani, akavumilia kelele za mabomba na ile harufu nzito ya sabuni ambayo wageni wote huilalamikia, na hakuilalamikia hata mara moja. Shangazi alivua aproni, akafunga upya kilemba chake cha rangi ya machungwa, akaketi mbele yake. Wali na maharage, au viazi na nyama ya kuchemsha, chochote kilichokuwepo, mwanamume yule alikula polepole na kumaliza. Kisha Shangazi alimuuliza, "Ikoje?" naye akajibu, "Tamu mpaka basi."

Tuseme ukweli, neno hilo ndilo lililomteka. Tangu amalize chuo cha upishi, Shangazi alikuwa anasifiwa na watu wenye njaa, na mtu mwenye njaa husifia chochote. Huyu alikuwa mjuzi, mtu ambaye michuzi yake hufuatwa na wageni wanaoshuka kwenye ndege. Akisema tamu, basi ni tamu. Alimpenda kwa mengine pia, kwa haya zake na kwa kile kicheko cha chini chini, lakini heshima ile ndiyo iliyomfanya alale akitabasamu.

Mwezi wa saba wakapata chumba. Lilikuwa duka la viatu lililofungwa, karibu na stesheni, lenye nafasi ya meza kumi na mbili. Shangazi alilizunguka akipima kwa hatua, akamwambia mwenzake kwamba hapa patakuwa katikati: si kantini wala si hoteli, ni mgahawa wa watu wenye haraka wasiotaka kula ovyo. "Mikono yangu, ulimi wako," alisema. Bwana Mchuzi akasema tutaona.

Mama yake Shangazi aliuza chai na mikate kwenye kibanda nje ya lango la hospitali kwa miaka thelathini, na alipoelezwa habari ya mgahawa na ya Bwana Mchuzi hakuuliza ukoo wala dini. Aliuliza kitu kimoja: huyo mtu, chakula kikiwa kibaya, atakwambia? Kwa sababu mteja hakwambii, mwanangu. Mteja anapotea tu. Shangazi akajibu bila kufikiri kwamba atamwambia. Usiku ule akaandika barua ya kuacha kazi, akaitia kwenye mkoba akingoja mwisho wa mwezi.

Jumanne moja kabla ya mwisho wa mwezi, mambo yakaharibika. Katika jiko la kantini kuna sheria moja ya zamani: sufuria ikishatiwa chumvi, mwiko unalazwa juu ya mfuniko, ili anayekuja nyuma asirudie. Siku hiyo msaidizi wake, mama mmoja mtu mzima, aliuchukua ule mwiko kukorogea sufuria nyingine na akasahau kuurudisha. Shangazi akapita, akaona mfuniko mtupu, akatia chumvi mara ya pili. Saa sita na robo sahani zilianza kurudi. Wapo waliocheka, wapo waliokunywa maji mpaka jagi zikaisha. Shangazi alijificha stoo kwa aibu, akaketi juu ya gunia la unga.

Alipotoka ilikuwa saa nane na nusu. Bwana Mchuzi alikuwa mahali pake dirishani, na mbele yake sahani ya maharage yale yale, tupu. Msaidizi alikuwa amempakulia akidhani mtu wa nyumbani ataelewa.

Shangazi alivuta kiti. Aliketi, akauliza kama kila siku, "Ikoje?"

"Tamu mpaka basi."

"Ya leo?"

Akamwangalia, akaona kwamba jibu halijatosha, akaongeza kwa upole, "Leo umejipita mwenyewe."

Shangazi aliinuka, akachukua sahani, akaenda kuiosha. Hakugomba, yeye ambaye kugomba ndiko kulikompa jina. Aliosha sahani ile moja kwa muda mrefu, akizihesabu Jumanne zote na sifa zote, na kila moja ikageuka kuwa maneno ya mwanamume anayetaka kupendwa. Jioni alipopigiwa simu aliipokea akiwa bado hajabadili nguo za kazi.

"Chakula cha leo hakuna aliyeweza kukila," alisema. "Watu mia nne wamekirudisha. Wewe umeniambia nimejipita."

Akaketi kitandani, mkoba magotini.

"Miezi yote hii ulikuwa unanidanganya?"

"Kantini wangu, sikutaka..."

"Hukutaka niudhike. Nimeelewa. Lakini nilikuwa naacha kazi kwa ajili ya neno lako." Akaufungua mkoba. "Usije Jumanne."

Barua aliitoa kwenye mkoba, akaisukuma chini ya godoro. Kwa wiki tatu Hoteli ilipiga, na Kantini haikupokea. Mama yake alimwona anatia sukari kwenye chai bila kuikoroga na akaacha kumsemesha habari za mgahawa.

Kisha chuo kikuu kikafanya mahafali. Chakula cha watu mia sita kilipewa ile hoteli ya ghorofa kumi na moja, kipikwe kwenye mahema uwanjani, na hoteli ilipoishiwa mikono ikaazima wapishi kwa majirani: wawili wa shule ya bweni, mmoja wa mgahawa wa stesheni, mmoja wa kantini ya kiwanda cha sabuni. Shangazi alitaka kukataa. Mwisho akavaa kilemba cha machungwa, akaenda kichwa juu, akapangiwa meza ya mboga.

Bwana Mchuzi alikuwa meza ya tatu kutoka kwake, kofia ndefu nyeupe, amekonda. Shangazi aliapa hatamtazama, kisha akamtazama asubuhi nzima. Akaona jambo la ajabu. Chumvi aliipima kwenye mizani ndogo, kila mara, kama mfamasia. Aliangalia saa. Alichota mchuzi kwa kijiko, akautazama unavyotiririka, na kila mara kijiko kikarudi bila kufika mdomoni. Wapishi wengine wote pale hemani walikuwa wanaonja bila hata kujijua. Yeye alikuwa anamwita mwenzake wa zamu aje aonje, na saa tano mwenzake huyo alikuwa ametumwa upande wa pili wa uwanja.

Ndipo harufu ikamfikia Shangazi. Maziwa. Joto la hemani lilikuwa limechachisha ule mchuzi mweupe wote, masufuria mawili, na Bwana Mchuzi alikuwa ameinama juu ya mvuke wake, uso umetulia kabisa, akiwaambia wahudumu waanze kupakua.

Iliki ya sokoni, sabuni ya kiwandani, maharage ya chumvi mara mbili, vyote vikamjia kwa pamoja. Aliacha kisu, akavuka meza mbili, akaweka mkono juu ya mkono wake ulioshika upawa.

"Usitoe," alimnong'oneza. "Umechacha."

Akamwona anavyobadilika rangi. Mpishi mkuu wa hoteli alikuwa ameshafika, akanusa, akauliza kwa sauti ya kutisha nani amepitisha kitu hiki.

"Ni mimi," Shangazi alisema. "Maziwa nilimletea mimi, sikuyaangalia."

"Hapana." Bwana Mchuzi alivua kofia. "Dada huyu yuko meza ya mboga, hajagusa maziwa. Ni mimi, mkuu. Sisikii harufu. Sisikii ladha ya kitu chochote, tangu nilipougua homa mwaka jana. Nilikuwa naficha."

Mpishi mkuu akaagiza mchuzi umwagwe, upikwe wa nyanya, na Bwana Mchuzi aende kukaa nje mpaka atakapoitwa. Kila mtu pale alijua kuwa hatarudi tena kwenye michuzi.

Shughuli ilipokwisha, saa kumi, Shangazi alimkuta nyuma ya hema, ameketi juu ya kreti la soda. Akavuta kreti jingine.

"Homa hiyo ilikuwa kabla au baada ya siku ya iliki?"

"Kabla. Wiki tatu."

"Kwa hiyo hujawahi kuonja chakula changu. Hata tonge moja."

"Hata moja." Alikuwa anatazama mikono yake. "Nilitaka kukwambia siku ile ya duka la viatu. Ukasema ulimi wangu. Nikaogopa ukijua sina, hutakuwa na haja na mimi."

"Sasa ulikuwa unamaliza sahani kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa unakaa mpaka nimalize."

Shangazi akafuta macho kwa ncha ya kilemba, bila kujificha. Alikuwa amemkasirikia kwa kumsifu uongo, na hasira hiyo ilikuwa haki yake, na bado alikuwa nayo kidogo. Akamwambia hivyo. Akamwambia pia kwamba hotelini walikuwa wanahitaji ulimi wake, yeye Shangazi alidhani anauhitaji, kumbe alichohitaji ni mtu wa kumwambia kweli. Ulimi anao mwenyewe, mzima, na utatosha meza kumi na mbili. Kisha akaingia hemani, akarudi na sahani ya mboga alizopika, bado zinafuka moshi.

Bwana Mchuzi akala kijiko cha kwanza. Shangazi akauliza, "Ikoje?"

Akatafuna taratibu, akameza, akamtazama machoni.

"Sijui," alisema. "Ni ya moto. Karoti hazijapondeka. Zaidi ya hapo sijui."

Hakuna sifa iliyowahi kumwingia Shangazi kama neno lile. Alicheka huku analia, mpaka wahudumu wakachungulia kutoka hemani.

"Nikuulize na mimi," Bwana Mchuzi alisema. "Utakubali kuolewa na mtu ambaye hatajua kamwe kama umepika vizuri?"

"Nitakubali, Hoteli," alisema Shangazi, akamsogezea sahani karibu. "Kula, nakusubiri."