Juhudi za Kumpata Hazikuzaa Matunda

Walikutana sokoni saa nne asubuhi, mahali ambapo hata ukisimama unasukumwa. Ilikuwa wiki ya pili ya masomo ya uandishi wa habari. Mwalimu wao, mama mfupi ambaye wanafunzi walimwita Kalamu Nyekundu, alikuwa amewafukuza wote darasani wakatafute maoni ya wananchi kuhusu nauli kupanda. Msichana alivaa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, kinasa sauti mkononi. Akamwona kijana mrefu mwenye shati la samawati lililopauka mabegani, kasimama karibu na mafundi viatu kama mtu asiye na haraka. Akajitosa.

"Samahani kaka, unaionaje hii nauli mpya?"

"Inauma, dada. Wewe je, unaionaje?"

"Mimi ndiye ninayeuliza."

"Basi tumekwama," akasema kijana, akatoa daftari alilolificha nyuma ya mgongo. "Maana hata mimi nimetumwa."

Darasa lao lilikuwa na watu zaidi ya mia, hawakuwa wamewahi kuonana usoni. Jua lilikuwa kali, uvivu ukawashinda, wakahojiana. Kila mmoja akamwandika mwenzake kama "mwananchi mmoja". Kalamu Nyekundu aliwabaini siku hiyohiyo, akawapa sifuri mbili zilizofanana. Tangu hapo msichana akamwita kijana Mwananchi. Naye kijana, ambaye kila kazi yake ilipita kwanza mikononi mwa msichana isahihishwe, akamwita Mhariri.

Mapenzi yao yalikuwa ya simu hata wakiwa chumba kimoja.

"Mhariri wangu, umekula?"

"Si umeniona nikila?"

"Nimeona. Nataka uthibitisho."

Mwaka wa pili Kalamu Nyekundu aliwafundisha mambo mawili akiyagongea meza. Kwanza, usimwandike mtu kabla hujamuuliza upande wake. Pili, chanzo akikuomba umfiche, umfiche hata kwa mama yako mzazi. Katika mtihani Mhariri alilijibu lile la kwanza vizuri kuliko wote darasani. Mwananchi hakupata alama nyingi, ila lile la pili lilimwingia mpaka kwenye mifupa, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Alianza kuchelewa. Simu akawa anaenda kuipokelea kwenye korido. Kisha Jumanne moja Mhariri akamwona nyuma ya karakana, kainama kumsikiliza dada mmoja wa idara ya maji ya chuo. Dada alikuwa fundi bomba. Ovaroli kaikunja kiunoni, blauzi nyeupe isiyo na doa, shada la funguo likining'inia, na macho kayapaka wanja.

Fundi bomba gani anapaka wanja, Mhariri akajiuliza, na swali hilo likakaa naye usiku na mchana. Alhamisi akawaona tena. Jumamosi tena, na safari hii dada alikuwa amemshika Mwananchi mkono wa shati. Shati lenyewe la samawati! Roho ikamchafuka, akapiga simu palepale kutoka nyuma ya ukuta.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Nipo... mahali."

"Na nani?"

"Na mtu."

"Mtu huwa ana jina."

"Analo, Mhariri. Ila siwezi kulitaja."

"Mimi huwezi kunitajia?"

"Hata wewe. Niamini tu, siku chache."

Alikata simu. Laiti angekuwa mtu wa kulia, yangeisha kwa kulia. Lakini wivu ulimpata mtu aliyefundishwa kuandika, na gazeti la ukutani, lile la kwenye ubao wa vioo karibu na bwalo la chakula, muhula ule alikuwa akilihariri yeye. Akakaa chini, akayajibu maswali yote ya darasani: nani, nini, lini, wapi, vipi. Alipofika kwenye "kwa nini" akaona jibu linajulikana. Akaandika kwamba mwanafunzi mmoja wa habari, mwenye shati la samawati, amemtupa mpenzi wake na kuhamia kwa fundi bomba wa chuo, na kwamba wawili hao huonekana nyuma ya karakana karibu kila siku. Mwishoni akaweka sentensi aliyoisoma magazetini mara elfu: "Juhudi za kumpata kijana huyo azungumzie suala hili hazikuzaa matunda."

Juhudi gani? Kijana alikuwa umbali wa kubonyeza kitufe kimoja.

Kufikia Jumatatu saa saba mchana chuo kizima kilikuwa kimesoma. Mwananchi alimkuta ngazini. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Mhariri.

"Ulinitafuta ukanikosa?"

"Nilikuona kwa macho yangu. Mara tatu!"

"Sijakuuliza uliona nini. Uliniuliza?"

"Nilikuuliza ni nani, ukanificha!"

"Nilikwambia siwezi kumtaja. Kuna maneno nisingeweza kukwambia, Mhariri, lakini kwamba nakupenda wewe peke yako ningekwambia hata ungeniamsha usingizini." Akapita zake, na simu yake ikaanza kuita bila kupokelewa.

Keshoye asubuhi mlango wa bweni uligongwa. Alikuwa yule dada, funguo zikilia kiunoni. Mhariri akatamani kumfungia mlango usoni. Dada akaingia, akaketi kitandani bila kukaribishwa.

"Mdogo wangu, muhula uliopita uliumwa tumbo?"

"Bweni zima tuliumwa. Wewe linakuhusu nini?"

"Tangi la hapo juu halijaoshwa mwaka wa pili huu. Msimamizi wangu anatia sahihi kila mwezi kwamba limeoshwa. Nilimwambia mwenzio, nikamwapisha asinitaje, maana nikijulikana, kazi sina. Siku ile ulipolazwa ndiyo alianza kunifuatafuata aniulize habari za maji. Mimi nina mume, mwanamke wewe, tena ana wivu kuliko wako!"

Mhariri akasimama. "Nakwenda kuliondoa gazeti lile sasa hivi. Naandika masahihisho leo leo."

"Thubutu!" Dada akamshika mkono. "Msimamizi alishaanza kuniuliza yule kijana anatafuta nini kwangu. Nikajua kazi imeniponyoka. Jana akapita pale ubaoni, akarudi anacheka mpaka machozi: 'Kumbe ni mapenzi tu!' Umenificha vizuri kuliko tungejificha wenyewe. Mume wangu nimeshamweleza, kanuna lakini kanyamaza. Gazeti la mjini litaitoa habari aliyoiandika mwenzio Jumatatu ya wiki ijayo. Mpaka siku hiyo, uongo wako ubaki pale pale."

Zilikuwa siku sita. Mhariri alizihesabu moja moja, kwa sababu kila mchana ilimbidi apite mbele ya maandishi yake mwenyewe kwenda kula. Na pale bwaloni, kwa kuwa sasa hawakuwa na cha kuficha, Mwananchi na fundi walikaa meza moja waziwazi. Mhariri alijua ukweli wote, na bado wivu haukumtoka. Fundi akisema neno, Mwananchi anacheka. Fundi akimsogezea glasi ya maji, Mwananchi anapokea kwa mikono miwili. Wanafunzi wakamgeukia Mhariri wamwone atafanyaje, naye akatafuna chakula kisicho na ladha.

Binamu yake, aliyekaa naye chumba kimoja, hakuweza kuuzuia mdomo. Shangazi akapiga simu.

"Mwanangu, nasikia mwenzio kapata mwingine?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na wewe ndiye uliyemtangaza?"

"Ndiyo, shangazi."

"Sasa hiyo ndiyo elimu tunayokusomeshea?"

Kweli ilikuwa imefika kwenye ncha ya ulimi. Akaimeza. Siku ya tatu uzalendo ukamshinda, akampigia Mwananchi, na kwa mara ya kwanza tangu pale ngazini kijana akapokea.

"Lazima ucheke vile?" Mhariri akanong'ona.

"Nipo kazini."

"Kazi gani inataka meno yote thelathini na mawili?"

Akasikia kama mtu anayezuia kicheko, kisha sauti ikawa ngumu tena. "Umemwambia mtu yeyote?"

"Hata shangazi sijamwambia."

"Zimebaki siku tatu. Zikiisha hujasema, tutaongea." Simu ikakatika, na Mhariri akabaki ameikumbatia.

Hakusema. Jumatatu gazeti la mjini lilitoka na picha ya tangi, kifuniko kimeshikwa na kutu. Mtoa habari alikuwa "mtumishi mmoja" tu. Kabla ya saa sita mkuu wa chuo alikuwa juu ya paa na suruali kaikunja, na msimamizi alikuwa ofisini anajieleza. Hakuna aliyemgeukia fundi. Si yeye alikuwa katika mapenzi?

Kalamu Nyekundu aliwahi kuwaambia kwamba kosa husahihishwa palepale lilipotokea, kwa herufi zilezile. Mhariri akaufungua ubao wa vioo, akabandika: "Wiki iliyopita tuliandika kwamba kijana mmoja amemtupa mpenzi wake. Si kweli. Tuliandika pia kwamba alitafutwa akakosekana. Hakutafutwa. Mwandishi alishikwa na wivu, naye anaomba radhi." Chini akatia sahihi yake kamili, akaondoka mbio kwenda kujificha bombani nyuma ya bweni, ambako hapakuwa na mtu kwa kuwa maji yalikuwa yamefungwa ili tangi lioshwe.

Aliporudi, watu walikuwa wamejaa ubaoni wanasukumana kama sokoni. Wakampisha. Chini ya sahihi yake mtu alikuwa ameongeza mistari kwa wino mwekundu:

"Kijana huyo amekubali radhi. Anasema pia kwamba wakihitimu mwezi wa saba atatuma wazee kwa shangazi wa mwandishi kuposa. Juhudi za kumpata mwandishi azungumzie suala hili zinaendelea."

Simu ikalia mfukoni mwa gauni la kijani. Akainua macho. Nyuma kabisa ya watu, shati la samawati, simu sikioni.

"Haloo. Napiga kutoka chumba cha habari," ikasema sauti. "Tusingependa kuandika bila kusikia upande wako."

Machozi yalimtoka bila ruhusa. "Una kalamu?"

"Ninayo. Nimeiazima kwa Kalamu Nyekundu."

"Andika ndiyo."

"Nimeandika. Kuna la kuongeza?"

"Lipo," akasema Mhariri, akimtazama dada wa funguo aliyekuwa amesimama pembeni anatabasamu. "Andika kwamba kuanzia leo, mbele ya fundi bomba yeyote, kijana huyo atacheka kwa kufumba mdomo."