Pangaboi Lililozunguka Bila Kuwashwa

Saa mbili kamili asubuhi ya Jumamosi, katika karakana ya zahanati moja ya meno, iligundulika kwamba meno ishirini na nane yametoroka bila mwenyewe.

Yalikuwa meno ya bandia, ya juu na ya chini, mapya, hayajatafuna hata mkate. Jioni ya Ijumaa yaliachwa rafuni ndani ya glasi ya maji. Asubuhi glasi ilikuwapo, maji yalikuwapo, na juu ya vyote pangaboi jipya lilikuwa likizunguka taratibu, kama shahidi asiyetaka kuhusishwa.

Mwenye meno alikuwa jaji mstaafu, aliyefika na leso mdomoni kuja kuyachukua. Saa kumi alasiri siku hiyo hiyo alitakiwa asimame kwenye harusi ya mjukuu wake atoe nasaha. Tangu jino la mwisho ling'oke alikuwa amegoma kusema mbele ya watu zaidi ya wawili.

Daktari, mwenye zahanati, hakungoja upelelezi. Alitoka hadi chumba cha kusubiri, akamkuta fundi umeme anaingia na ngazi begani, akamwita mwizi mbele ya wagonjwa saba waliokaa kwenye benchi. Alisema kwa sauti ya kutosha. Akaongeza kwamba ikifika saa sita meno hayajaonekana, atakwenda polisi, na akitoka huko ataandika barua leseni ya fundi huyo ifutwe.

Fundi huyo, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, aliitwa Fyuzi. Jina alilipata chuoni, ambako mambo yakienda kombo yeye ndiye aliyeungua kwanza, wenzake wakabaki salama. Miaka tisa alikuwa akiingia majumbani mwa watu na kutoka bila hata sindano kupotea. Sasa mama mmoja mwenye shavu lililovimba, ambaye juzi tu alimwomba aje amfungie taa, alivuta mkoba wake kifuani. Hilo lilimchoma Fyuzi kuliko neno lenyewe. Leseni huandikwa upya. Jina likichafuka, halina sabuni.

Akaegemeza ngazi ukutani.

"Nipekueni kwanza," alisema. "Kisha mnipe mpaka hiyo saa sita."

Dada wa mapokezi alimpekua. Zilipatikana bisibisi tatu, koleo, kipima umeme na peremende moja. Jaji, aliyeona haki inataka mwenyekiti, aliketi karakanani kwenye kiti kikuukuu cha kung'olea meno, akakanyaga pedali mpaka akawa juu ya wote.

"Endelea," alisema ndani ya leso.

Karakana ilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulifungukia mapokezi. Wa nyuma ulitokea uani. Ijumaa, Fyuzi alikuwa amefunga pangaboi linaloendeshwa na swichi mbili, moja kwa kila mlango. Hilo lilikuwa ombi la Mzee Plasta, fundi wa meno ya bandia, ambaye meza yake iko kando ya mlango wa nyuma. Pangaboi la zamani lilikuwa na swichi moja tu, ya mbele, na Mzee alichoka kuvuka chumba kizima kila upepo ulipomjaza unga wa plasta ndevuni.

Habari ya funguo nayo ilikuwa wazi. Mtu akitoka mapokezi kwenda barabarani hupita chini ya shata la chuma linalopanda na kushuka kwa mota. Funguo za mota ni mbili: mmoja wa dada wa mapokezi, na mmoja Fyuzi alikuwa ameazimwa tangu Ijumaa ili awahi kazini. Mlango wa uani una ufunguo mmoja tu, nao hulala shingoni mwa Mzee Plasta. Daktari alikuwa ameomba nakala kwa miaka sita, akaambulia ahadi.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa dada wa mapokezi. Aliapa kwamba alifunga saa kumi na mbili jioni, kama kawaida. Fyuzi akamuuliza kwa upole alishushaje shata saa kumi na mbili, ilhali umeme wa mtaa mzima ulikatika saa kumi na moja na nusu, ukarudi saa moja kasorobo.

Dada akatazama viatu vyake. Ukweli ukatoka kidogo kidogo, kama dawa ya meno kwenye tyubu iliyokwisha. Alifunga saa kumi na moja na dakika ishirini na tano, akakimbilia saluni ya jirani. Alipovua kilemba ushahidi ulijitokeza wenyewe: kishungi cha mbele kimenyooka kama rula, na kichwa kingine chote kilikuwa bado kinasubiri umeme. Msusi na wateja wawili walikaa naye gizani mpaka umeme uliporudi, na saa ya kufunga saluni ikawa imefika. Daktari akataka kumkaripia, Jaji akainua kidole, Daktari akameza.

"Ulipofunga, pangaboi lilikuwa vipi?" Fyuzi alimuuliza.

"Limesimama. Ulilijaribu kwa swichi zote mbili, ukalizima, tukatoka pamoja. Nikashusha shata ukiwa unaangalia."

Fyuzi mwenyewe alieleza kwamba kutoka hapo alikwenda nyumbani kufua ovaroli. Nani alimwona? Ovaroli. Daktari akacheka kwa pua.

Ikawa zamu ya Mzee Plasta. Alikuwa mtu wa miaka sitini na nane, mpole, wa kusalimia hadi paka wa uani. Alisema aliondoka kwa mlango wa nyuma saa kumi na moja kamili, na hakurudi. Kisha, bila kuulizwa, akanyoosha kidole.

"Tazameni, wanangu. Swichi hii ya kwangu iko juu, maana yake imezimwa. Ile ya mbele iko chini, maana yake imewashwa. Basi aliyewasha alisimama mlango wa mbele. Na mimi ufunguo wa mbele sina."

Daktari akapiga paja. Hata Jaji akamtazama Fyuzi juu ya leso, mtazamo ambao kwa miaka ishirini na sita uliwapeleka watu mahali.

Fyuzi alikitazama kile kidole cha mzee kilichokuwa bado hewani, kisha akamwomba abonyeze swichi yake mara moja. Mzee akabonyeza. Swichi ikaenda chini. Pangaboi likapunguza mwendo, likasimama.

"Chini," alisema Fyuzi, "na pangaboi limezimika. Dada, bonyeza ya mbele."

Ya mbele ikaenda juu. Pangaboi likaanza kuzunguka.

"Juu, na limewaka. Swichi hizi ni za njia mbili, mheshimiwa. Ni kama mume na mke wenye dirisha moja: kila anayeinuka anageuza alichofanya mwenzake. Anayebonyeza akikuta linazunguka, litasimama. Akikuta limesimama, litazunguka. Juu na chini havisemi lolote."

Daktari akasema kwamba hiyo haimwondolei Fyuzi lawama. Angeweza kuingia kwa mbele na kubonyeza yoyote aliyotaka.

"Saa ngapi, daktari?"

"Saa yoyote ya usiku."

"Tufikiri basi. Mwizi anabonyeza swichi, pangaboi linaanza kuvuma juu ya kichwa chake. Anaondoka analiacha likivuma?"

Daktari akafikiri. "Angelizima."

"Angelizima. Huyu hakulizima, kwa sababu alibonyeza na hakikutokea kitu. Akajua hakuna umeme, akaendelea na shughuli zake gizani, akasahau. Saa moja kasorobo umeme uliporudi, pangaboi likaanza kazi lenyewe, yeye ameshaondoka. Kwa hiyo mwizi alikuwa humu kati ya saa kumi na moja na nusu na saa moja kasorobo." Alimgeukia dada. "Katika muda huo, shata la mbele linapanda?"

"Halipandi, dada. Bila umeme hata Daktari alishawahi kulala humu ndani."

Daktari akakohoa. Halafu wote wanne, bila mtu kuwaambia, wakatazama uzi uliozunguka shingo ya Mzee Plasta.

Mzee alisema neno moja kuhusu upepo, akaliacha njiani. Akaingiza mkono katika mfuko wa aproni, akatoa leso iliyofungwa fundo, akaiweka mezani. Fundo lilipofunguliwa, meno ishirini na nane yalicheka peke yao.

"Si ya Jaji," alisema.

Akaeleza polepole. Mafundi wengine huandika namba kwenye kila sanamu la plasta la taya la mteja. Yeye hakuandika katika miaka thelathini na nne. Aliyajua mataya kwa vidole, kama mama anavyowajua wanawe gizani, na alijivunia hilo. Lakini macho yalikuwa yameanza kumpa kisogo, na vidole peke yao havikutosha. Ijumaa, akiwa kituoni anasubiri basi, taya la Jaji lilimjia akilini, pana kama meza. Na meno aliyoyamaliza yalikuwa membamba. Alirudi mbio. Alipoingia, mkono ukaenda wenyewe kwenye swichi yake mpya, kutafuta upepo. Hakikutokea kitu. Kwa kurunzi ya simu akayajaribu meno kwenye sanamu la Jaji, yakayumba kama kigoda cha miguu miwili. Alikuwa ametumia sanamu la mwalimu mmoja wa chekechea.

"Nikasema yakipotea, nitapewa wiki mbili nitengeneze mengine, hakuna atakayejua. Sikupanga kukutaja, mwanangu. Daktari alikutaja, mimi nikanyamaza."

"Hukunyamaza, mzee wangu," alisema Fyuzi. "Ulinyoosha kidole."

Mzee akainamisha kichwa.

Jaji aliteremsha kiti mpaka chini kabisa, akaondoa leso. Kinywa chake kilikuwa wazi kwa watu wanne, rekodi ya miezi mitatu.

"Mzee mwenzangu atakwenda kupimwa macho Jumatatu, na kuanzia leo ataandika namba," alisema, herufi zikipita penye upepo. "Na ukumbini leo kutakuwa na meno elfu tano. Yangu hayatakosekana sana. Nitasema hivi hivi."

Daktari akasugua mikono. Akamwambia Fyuzi kwamba basi, yamekwisha, aendelee kufunga mapangaboi kwenye vyumba kumi vilivyobaki. Fyuzi hakugusa ngazi.

"Bado, daktari. Uliniita mwizi pale benchini. Wale watu bado wapo."

"Nitawaeleza mmoja mmoja wakiingia."

"Hukuniita mwizi mmoja mmoja."

Jaji akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. Daktari akatoka. Saa nne na dakika kumi, mbele ya wagonjwa saba, alisema kitu akiielekea sakafu.

"Hawajasikia," alisema Fyuzi nyuma yake.

Akarudia: kwamba fundi huyu hakuiba, kwamba aliyekosea ni yeye Daktari, na kwamba anaomba radhi. Mara hii ilisikika hadi kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, aliyezima mashine yake katikati ya kichwa cha mteja ili asikilize vizuri. Fyuzi alingoja mashine iwake tena, akapachika ngazi begani, akauliza chumba kinachofuata ni kipi.