Sauti ya Karambu Kabla ya Kisu

Nyamu aliingia soko la Gakoromone kutafuta trei tupu za mayai. Alitaka kuzibandika ukutani, ili chumba chake cha Makutano kisitoe mwangwi. Mwenye mayai akamwambia trei haziuzwi bila mayai. Nyamu akaanza kubishana, halafu akageuka. Nyuma yake msichana alikuwa akiimba huku akipanga viazi kwenye ndoo, na sauti yake ilipita juu ya kelele za makuli kana kwamba hawapo.

Alivaa gauni la bluu, gambuti zenye tope, na skafu nyekundu shingoni, ingawa jua lilikuwa kali.

"Unanunua ama unanichungulia?" akauliza.

"Nasikiliza. Wewe ni wa wapi?"

"Kibirichia, mimi na hivi viazi. Jina ni Karambu. Na wewe unaongea kama mtu wa Embu."

"Nyamu, wa Manyatta. Ni dhambi?"

"Hapana, ni huruma tu. Sisi tunatafuna miraa kama watu, nyinyi mnatafuna majani ya muguka kama mbuzi."

Mwenye mayai alicheka mpaka akatoa trei tatu bure.

Nyamu akamweleza kwamba kazi yake ni kutengeneza simu, ila Jumamosi hurekodi kwaya chumbani kwake. Akatoa kwenye begi kisanduku cha chuma, kidogo kama Biblia ya mkononi. "Hii inaitwa intafesi. Maiki unachomeka hapa, waya huu unaenda kwa kompyuta. Studio yangu yote ndiyo hii, naibeba mgongoni."

Karambu aliacha kucheka. "Wimbo ukiingia hapo unakaa? Hata mwenyewe akiwa hawezi tena kuimba?"

"Unakaa."

Akachukua namba ya Nyamu kabla hajaombwa.

Wakawa wanapigiana simu kila jioni.

"Umekula, mbuzi wangu?"

"Nimekula, malkia wa viazi. Unakuja Jumamosi?"

"Nakuja Jumanne. Jumamosi ni mbali."

"Mbona haraka hivyo?"

"Usiniulize, mpenzi. Tafadhali."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mpenzi. Nyamu akasahau alikuwa ameuliza nini.

Jumanne mchana Karambu alifika Makutano, amevaa sketi nyeusi ya kanisani na skafu ileile. Nyamu alikuwa amesimamisha godoro dirishani na kuning'iniza blanketi mlangoni. Hedifoni ilikuwa moja tu, akamvalisha yeye. Karambu alipojaribu maiki alikuwa na woga, akaimba kidogo kama anayebembeleza mtoto. Nyamu akazungusha kitufe cha intafesi kuongeza nguvu.

"Sasa imba."

Karambu alifunga macho, akauachilia wimbo wake mwenyewe, wa mvua iliyochelewa Kibirichia, kwa sauti ileile ya sokoni. Taa ya kijani ya intafesi ikawa nyekundu, onyo kwamba sauti imezidi, ikabaki nyekundu. Nyamu hakuiona. Alikuwa akimtazama yeye.

Alipomaliza alikuwa ametoka jasho. Akafungua skafu. Mbele ya koo kulikuwa na uvimbe mkubwa kama kiazi. Nyamu akashtuka, na Karambu akamwona akishtuka.

"Ni tezi," akasema. "Inanibana pumzi. Kesho nalazwa hospitali kuu, Alhamisi asubuhi napasuliwa. Daktari amesema mshipa wa sauti uko karibu na kisu. Naweza kuamka nikiwa siwezi kuimba, pengine hata kuongea vizuri siwezi. Ndiyo maana nilikuwa na haraka. Imeingia vizuri?"

"Imeingia vizuri sana," akasema Nyamu. Hakuwa amesikiliza hata kidogo.

Karambu alipoenda, Nyamu akavaa hedifoni. Mwanzo ulikuwa safi. Kisha sauti ikapasuka, ikakwaruza kama redio mbovu, na ikawa hivyo mpaka mwisho. Sauti iliyoingia imepasuka haishonwi. Alijaribu kila kitu kilichokuwa kwenye kompyuta, ikabaki vilevile. Msichana alikuwa amemwachia kitu anachoogopa kukipoteza, naye alikuwa amekiharibu.

Simu ikaita. Karambu. Hakushika. Ikaita tena.

Kesho yake iliita akiwa kazini, akaigeuza kifudifudi. Angemwambia nini mtu anayengoja kisu?

Wodini, Karambu aliweka simu chini ya mto. Mama yake akamwuliza, "Hashiki?"

"Aliona shingo, mama. Ulikuwa unaniambia nisiifunue."

"Mwanaume wa kukimbia shingo mwache akimbie," mama akasema, lakini alikuwa amemshika mkono kwa nguvu kuliko kawaida. Karambu alilia bila sauti. Aliogopa hata kulia kutamharibia koo.

Alhamisi asubuhi Nyamu aliingia wodini na begi mgongoni, macho mekundu, shati limefungwa vifungo kombo.

"Toka," Karambu akasema. "Umekuja kuangalia tezi?"

"Rekodi imeharibika."

"Nini?"

"Nilikudanganya. Niliweka nguvu nyingi na sikusikiliza. Wimbo umepasuka wote. Niliogopa kukwambia, ndiyo maana sikushika simu. Shingo yako haikunitisha. Nilishtuka kwa sababu unaumwa."

Karambu alimtazama. "Mjinga wewe! Nimelala nikijua umenikataa!"

"Nipige baadaye. Sasa keti."

Akachomeka intafesi kwenye kompyuta, akashika maiki kwa mkono wake mwenyewe, na safari hii hedifoni akavaa yeye. Mama akasimama mlangoni kumzuia nesi.

"Mama, hapa si kanisani," nesi akasema.

"Najua. Kanisani wangeniruhusu."

Karambu aliimba taratibu kwa sababu ya wagonjwa. Sauti ilitetemeka, pumzi ikasikika ikikwama, na kitanda cha pili mgonjwa akakohoa. Nyamu hakuondoa jicho kwenye ile taa. Ilibaki kijani mpaka neno la mwisho. Akarudisha mwanzo, akasikiliza wote, akamvalisha hedifoni naye asikie.

"Naogopa, inasikika," Karambu akasema.

"Inasikika. Lakini imeingia."

Kitanda cha magurudumu kikafika. Nyamu akamshika vidole. "Karambu, nitakuoa."

"Hata nikitoka bubu?"

"Kama nataka kelele nitanunua redio."

Alicheka, na palepale akaanza kulia. "Sitakujibu sasa. Nisubiri."

Milango ikafungwa. Nyamu na mama walikaa kwenye benchi. Kila mlango ulipofunguka mama alisimama, na kila mara akaketi tena. Nyamu alijaribu kuomba, akapoteza maneno katikati.

Mchana wakaitwa. Karambu alikuwa na bendeji nene shingoni na midomo iliyokauka. Daktari akainama. "Hebu sema kitu. Chochote."

Karambu alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Mama akaziba uso kwa leso.

Akajaribu tena. Ikatoka sauti nyembamba, yenye mikwaruzo, kama ya mwanamke mzee. Haikuwa ile ya sokoni. Daktari akasema huenda ikarudi, huenda isirudi yote, miezi ndiyo itakayosema.

Karambu hakumwangalia daktari. Alikuwa akimtafuta Nyamu kwa macho.

"Ndiyo," akasema. "Na usiniambie nirudie, inauma."

Nyamu akapiga magoti pale pale kwenye sakafu iliyonuka dawa, akaweka sikio karibu na mdomo wake, asipitwe na neno lingine.