Kipande cha Juu

Lifti ilifunguka, watu wakamwagika nje, na sanduku la barafu likampiga mtafiti gotini.

"Samahani, dada. Nimebeba mgonjwa," alisema kijana wa usafirishaji, shati lake la kijani limenyooshwa kwa pasi.

"Mgonjwa gani analala kwenye barafu?"

"Kingamwili. Zikipata joto, kwisha habari yake."

Mtafiti alicheka mpaka lifti ikamwacha. Kumbe mzigo ulikuwa wake. Kingamwili hizo zingemwonesha protini iliyojificha kwenye utando wa seli, ile kazi yake kung'oa fosfeti. Tangu hapo kila mzigo ulitanguliwa na simu ya kijana, na utani ukageuka mapenzi.

"Kipenzi, barafu yako iko njiani."

"Barafu tu?"

"Na mwenyewe nimo!"

Kisha protini ikagoma. Mtafiti alirudia jaribio, akarudia tena, na karatasi ya majibu, ambayo protini huonekana kama doa jeusi, ikatoka nyeupe pe. Kwa hasira akampigia bosi wa kijana: mzigo umepata joto njiani. Kijana akasimamishwa kazi.

"Umenishtaki bila hata kuniuliza?" alisema kwenye simu.

"Kingamwili hazioni kitu. Ningesema nini?"

"Ungeanza na mimi." Akakata.

Roho ilimuuma mtafiti, na udadisi nao haukumpa raha. Siku zote alikuwa akikata ukingo wa juu wa karatasi na kuutupa, maana hakutarajia kitu pale. Safari hii akauacha. Loo! Doa jeusi tii lilikaa juu kabisa, pale sampuli inapoingilia kabla ya kushuka. Protini kama hiyo ikichemshwa hugandamana na kushindwa kushuka. Naye kabla ya kila jaribio alikuwa akiichemsha kwa bidii zake zote. Kingamwili zilikuwa zinaiona tangu mwanzo. Aibu ikamshika.

Alimpigia bosi kwanza, kisha akaenda kwa kijana, karatasi mkononi, jua la mchana likimwakia utosini. Kijana alifungua mlango, shati lile la kijani limekunjamana.

"Nimemwambia bosi wako kosa ni langu. Kazi yako ipo. Tazama hapa."

Kijana alitaka kununa, lakini macho yakamponyoka. "Hilo doa ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe. Ilikuwa mlangoni muda wote, mimi naikata na kuitupa."

"Kama mimi."

"Kama wewe. Nisamehe, mpenzi. Nakupenda, na nilikuonea."

Kijana aliangalia jasho linavyomtiririka.

"Ingia ndani basi," alisema, akimpisha. "Ukipata joto, kwisha habari yako."