Libero wa Fainali ya Kwanza

Maiti ilikuwa sakafuni chini ya wavu, na wavu ulikuwa umelegea.

Inspekta aliliona la wavu kabla hajainama kutazama jeraha. Alikuwa mwanamke wa mvi nyingi na maneno machache, aliyechezea timu ya polisi ya mpira wa wavu mpaka goti lilipomkatalia. Wavu kulegea siku ya mechi hakukumpendeza hata kidogo.

Marehemu alikuwa mzee mrefu, mrefu hata alivyolala. Suti yake ilikuwa ya kuazima, mikono ya koti imeishia mbali na viganja. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Pale klabuni walimwita Nahodha, kwa sababu ndiye aliyeongoza kikosi kilichotwaa ubingwa wa kwanza, miaka arobaini na mitano iliyopita. Wa kwanza na wa mwisho. Klabu ilikuwa kama mtu aliyeshiba siku moja akaendelea kuchokonoa meno maisha yake yote.

"Pigo moja," alisema daktari wa polisi. "Kitu cha chuma, kizito, chenye kona. Na ni asubuhi hii hii, damu haijakauka."

"Mkono wa kukazia wavu uko wapi?" Inspekta aliuliza.

Hakuna aliyejua. Kwenye nguzo kulikuwa na tundu la kuchomekea mkono wa chuma, mtu azungushe mpaka wavu unyooke. Tundu lilikuwa tupu.

Sajini alikuja mbio. "Afande, wanakamati wako nje. Wanauliza kama maiti inaweza kutolewa kwa mlango wa nyuma. Wageni wa jubilei ya klabu wameshaanza kufika."

"Waambie watangulie wao kwa huo mlango wa nyuma."

"Na mtuhumiwa tunaye. Mtoto wa marehemu, yule kocha wa timu. Jana amesikika akigombana na baba yake koridoni. Na ndiye aliyesimamisha nguzo leo. Nimeshamtia pingu."

Sajini alipenda kesi ziishe kabla ya chai. Inspekta alimtazama, akaenda kumwona huyo mtoto.

Kocha alikuwa amekaa chumba cha kubadilishia nguo, juu ya benchi, mabega yake mapana yameanguka. Macho yalikuwa mekundu.

"Mligombania nini?"

"Mambo ya nyumbani tu, afande."

"Ya nyumbani hayagombaniwi kwenye korido ya klabu."

"Nilimwambia amezee."

"Amezee nini?"

"Historia yao. Jana alipita chumba cha kumbukumbu, akatoka amebadilika. Akasema leo akipewa kipaza sauti atasema ukweli mbele ya watu wote. Nikamwambia, baba, mkataba wangu uko mkononi mwa Mwenyekiti wa klabu, na wajukuu zako wanakula kwa mkataba huo. Mezea."

"Ukweli gani?"

"Hakuniambia. Alisema, 'Nenda kaangalie kabati. Wewe ni kocha, utaona mwenyewe.'"

"Ukaenda?"

"Sikwenda."

"Kwa nini?"

"Ningeona, afande. Nikishaona nitafanyaje?"

Inspekta hakuficha dharau yake. Jitu zima linalofundisha wenzake kujitupa sakafuni kwa ajili ya mpira, lenyewe limeogopa kutazama kabati.

"Nitafungwa mimi, sivyo?" kocha aliuliza.

"Mkono wa kukazia wavu uliuacha wapi?"

"Kwenye nguzo. Nilikaza kidogo nikaenda stoo kuchukua mipira mipya. Niliporudi ndipo nikamkuta baba."

"Kuna aliyekuona na hiyo mipira?"

"Hapana."

"Basi utafungwa," Inspekta alisema, "kama kila mtu humu ataendelea kumezea."

Njia ya kwenda chumba cha kumbukumbu ilipambwa kwa mabango ya historia. Inspekta aliyasoma huku amekunja uso. Klabu ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha saruji, waliocheza uani, kwenye vumbi, baada ya zamu. Vijana hao walikuwa na bango moja, dogo, karibu na choo. Kiwanda kilipokufa, klabu ikanunuliwa na kampuni ya bima, halafu ya vinywaji, na kila tajiri alibadilisha rangi za jezi akaapa kwamba hizo ndizo rangi za tangu mwanzo. Sasa ilikuwa klabu ya kulipwa, yenye wachezaji wa mishahara na wanakamati wa vitambi. Katika ukuta huo wa fahari, wanakamati walikuwa na mabango tisa. Mmoja wao, akijitembeza nyuma ya Inspekta, alimwonyesha picha ya kikosi cha sasa na kuuliza kipa ni yupi.

Mwishoni mwa chumba kulikuwa na kabati la vioo. Ndani yake ilisimama sanamu ya plastiki ya kuvalishia nguo, isiyo na kichwa, imevaa jezi ya manjano. Ukutani, pembeni, palikuwa na picha ya mabingwa wa kwanza: watu sita wakavu, wamevaa kijani wote, Nahodha katikati. Chini ya jezi ya manjano kulikuwa na kibao cha shaba: *Jezi ya Mwenyekiti wetu, libero wa fainali ya kwanza.*

Inspekta alisoma kibao, akasoma tena. Kicheko kilimpanda mpaka kooni. Hapo akamkumbuka yule mzee sakafuni, na kicheko kikaisha.

Kisha akaona jambo jingine. Lebo ya ndani ya kola ilikuwa mbele, upande wa kifua. Namba kubwa ya mgongoni ilikuwa kifuani.

"Jana ilivaa hivi?"

"Hapana," mwanakamati alisema. "Jana wapiga picha walikuwa hapa, ilikaa vizuri tu."

"Ufunguo wa kabati anao nani?"

"Mwenyekiti peke yake. Hata mke wake haruhusiwi kuushika."

"Mwiteni."

Mwenyekiti aliingia akinukia manukato. Alikuwa mfupi, suti imenyooshwa vizuri, na viatu vyake viling'aa kuliko kikombe cha ubingwa. Jioni hiyo ukumbi ulikuwa upewe jina lake.

"Dada yangu, msiba huu umetuvunja mgongo."

"Inspekta. Ulifika hapa saa ngapi?"

"Muda si mrefu, pamoja na wageni. Ukumbini sijakanyaga leo."

"Nahodha ulimfahamu?"

"Tulicheza wote. Yeye mbele, mimi nyuma."

"Nafasi gani?"

"Libero," alisema, na kifua kikapanda. "Unaona kimo changu. Libero hahitaji urefu, anahitaji moyo. Wenzangu wanapiga mpira juu ya wavu, mimi naokota chini. Ndiyo maana jezi yangu ina rangi ya peke yake."

"Katika fainali ya miaka arobaini na mitano iliyopita?"

"Hiyo hiyo."

"Wakati huo libero alikuwa hajazaliwa."

"Unasemaje?"

"Sheria ya libero ililetwa karibu miaka ishirini baada ya fainali yenu. Naikumbuka vizuri, nilikuwa uwanjani. Timu yetu ya polisi tulikaribia kupigana kwa sababu hakuna aliyetaka kuvaa rangi ya peke yake. Kabla ya hapo walisimama watu sita, jezi moja. Angalia picha hiyo. Sasa wewe ulikuwa libero wa wapi, wa ndotoni?"

Mwanakamati alianza kuhesabu watu pichani kwa kidole. Mwenyekiti alilamba midomo.

"Hata kama nilitia chumvi kidogo, kutia chumvi si kuua."

"Ni kweli. Fungua kabati."

"Ufunguo umepotea."

Sajini, aliyemleta, aliutoa kwenye mfuko wa kizibao cha Mwenyekiti bila kutafuta sana. Inspekta alivaa glavu, akafungua kioo, akaivua jezi taratibu. Sanamu ilikuwa na uwazi shingoni. Aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa mkono wa chuma wenye kona, uliofungwa kwa leso. Leso ilikuwa imelowa damu.

"Jezi umeirudisha kinyume," alisema. "Mtu aliyewahi kuvaa jezi angeona. Sajini, kielelezo hiki kiende kupimwa alama za vidole. Na kocha mvue pingu."

Mwenyekiti alitafuta kiti. Hakuna aliyempa.

"Alicheka," alisema.

"Nani?"

"Nahodha. Nilikuja mapema kumbembeleza asiongee. Nikamkuta anakaza wavu. Amevaa suti, anakaza wavu, utadhani ni wa kwake. Nikamwambia, mzee mwenzangu, nifichie hili. Akauliza, 'Libero?' Akacheka mpaka akashikilia nguzo. Akauchomoa ule mkono, akauweka chini ili apanguse machozi."

"Na uongo huo uliutoa wapi?"

"Ulianza kama utani. Nilipogombea uenyekiti, mtu akauliza mfupi kama mimi nilicheza wapi. Nikasema libero. Watu wakapiga makofi, Inspekta. Sikuwahi kupigiwa makofi."

"Kwa hiyo umemuua kwa kucheka."

"Hapana. Kucheka ningevumilia." Sauti yake ilianza kukatika. "Nilimwambia, 'Mimi ni yule kijana uliyemkataa siku ya majaribio, pale kiwandani. Nilikuja na viatu vya kaka yangu, vinanipwaya. Uliniambia nirudi nyumbani nikue kwanza.' Miaka yote nimekuwa nikimwona Nahodha usingizini. Na yeye akaacha kucheka, akanitazama vizuri, kwa upole kabisa. Akasema, 'Sikukumbuki, ndugu yangu.' Halafu akanipa mgongo, akaanza kuangalia kama wavu umenyooka."

"Ukaokota mkono."

"Nikauokota."

"Na mtoto wake umemwona akifungwa pingu. Ukanyamaza."

"Kocha tungepata mwingine."

Hata Sajini, ambaye dakika chache nyuma alikuwa na mtuhumiwa wake mwingine, aligeuza uso.

Kituoni Mwenyekiti alionywa kisheria, akakubali kutoa maelezo. Aliongea vizuri, kama anayehutubia mkutano mkuu. Sajini aliandika, kisha akamsomea. Aliposikia kwamba alimpiga marehemu kisogoni kwa chuma, aliitikia kwa kichwa. Aliposikia kwamba aliificha silaha, aliitikia tena. Sajini akasoma: mtuhumiwa hajawahi kuichezea klabu hiyo katika mechi yoyote.

"Ngoja," Mwenyekiti alisema.

"Kuna kosa?" Inspekta aliuliza.

"Kosa hakuna. Kuua andikeni, nitasaini. Nikinyongwa ninyongwe. Ila hapo mwisho..." Aliinama, akashusha sauti. "Hiyo itasomwa mahakamani. Waandishi watakuwepo. Haiwezi kuachwa?"

Inspekta alikuwa amesikia wauaji wakiomba mke, wakili, dawa ya kulala. Hili lilikuwa jipya, na lilimchefua kuliko damu.

"Sajini," alisema, "chukua karatasi nyingine. Uanze na hilo."

Kocha, aliyeletwa kituoni mapema kutoa maelezo, alikuwa bado kwenye benchi la nje, anajisugua mikono palipokuwa na pingu. Aliinuka Inspekta alipotoka.

"Ni nani, afande?"

"Mwenyekiti wako."

Hakuonekana kushangaa sana, na Inspekta akalitambua hilo pia.

"Baba aliusema huo ukweli?"

"Hakukifikia kipaza sauti. Ila alimcheka. Alicheka mpaka akashikilia nguzo."

"Baba? Alicheka?" Midomo ya kocha ilitaka kutabasamu, ikashindwa. Akakaa tena, uso viganjani. "Mimi nilimwambia amezee."

"Hakumezea," Inspekta alisema, akamwacha hapo alie.