Hori la Waridi

Kila asubuhi, kabla ya kukamua, Gathoni alimkuna Waridi kichwani, kisha akamwekea saileji, majani yaliyokatwa na kuchachushwa, kwenye hori la saruji. Waridi ndiye ng'ombe wao pekee hapo Kitengela, na alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Asubuhi moja Waridi alilamba, akatema, akageuza kichwa. Gathoni alipitisha mkono kwenye hori. Kiganja kikajaa mchanga.

"Baba Kui! Kuja uone! Ng'ombe anakula hori!"

Mumewe, Wahome, alikuja na mwiko mkononi. Bwana huyu alipenda niru kuliko chai. Kila hori lilipochubuka, alilipaka saruji tupu hadi ling'ae, kisha akaita majirani waone. Alikuwa amefanya hivyo mara tatu mwaka huo.

"Nitaongeza niru," akasema.

"Utakuwa unalisha asidi tu," akasema Nanjala. Alikuwa fundi wa ujenzi, na alikuwa amekuja kuchukua maziwa. "Saileji ikichacha iko na asidi. Asidi inakula saruji, mchanga unabaki bila kitu ya kuushika."

"Na mtoto wa Waridi?" Gathoni aliuliza kwa hofu. "Mama yake akiendelea kukula mchanga?"

"Kwa sasa mlishe kwa karai. Hori tujenge upya. Tupunguze saruji kidogo, tuweke majivu ya maganda ya mpunga kutoka Mwea. Zege inashikana, asidi inapenya polepole. Halafu nyuzi fupi za plastiki, zishike nyufa."

Wahome akacheka. "Majivu? Si hata jikoni tuko nayo!"

"Hiyo ya jikoni peleka choo, mzee. Hii imechomwa kwa moto wa kupimwa, ikasagwa laini. Lakini usiniamini mimi. Amini ndoo."

Nanjala alitengeneza matofali mawili: moja la niru ya Wahome, moja la majivu na nyuzi. Aliyafunika kwa magunia yenye maji wiki nne, ndipo akayatumbukiza kwenye ndoo za maji makali yaliyochuruzika kutoka kwa saileji. Gathoni hakutulia. Kila siku alichungulia, kila siku akafukuzwa.

Baada ya wiki sita, Wahome alitoa lake. Pembe zikamomonyoka mkononi mwake. Gathoni akatoa la pili, akalikwaruza kwa kucha. Lilikuwa limechubuka kidogo tu, kingo zake imara.

"Limesimama!" alipiga kelele, kuku wakatawanyika. "Baba Kui, limesimama!"

Wahome akapangusa mchanga mkononi. "Fundi, hiyo majivu inapatikana lini?"

Nanjala alijenga hori jipya, likawa gumu taratibu chini ya magunia mabichi. "Asidi haishindwi kabisa, inacheleweshwa," Nanjala aliwaonya, kwa hivyo Gathoni aliliosha kwa maji kila jioni.

Waridi alizaa ndama jike, mzima, mwenye kelele. Wahome aliita majirani kama kawaida yake. Walimtazama ndama, wakatazama hori la kijivu, lisilong'aa hata kidogo.

"Mzee, leo niru iko wapi?" mmoja akamtania.

"Wacha kuangalia," Wahome akasema kwa furaha. "Pitisha mkono."